Mpangilio wa Maswali: Kukisoma Kisakinishi cha Ubuntu Kutoka Kigoma

Kisakinishi cha mfumo endeshi ni matini ambayo karibu kila anayeipitia huipitia kwa haraka ya kuimaliza, na pengine ndiyo sababu haijapata wahakiki. Mtu huiona mara moja au mbili katika umri wote wa kompyuta yake. Ikishatenda kazi yake haimwachii nakala ya kurejea. Inaondoka jukwaani, mfumo mpya unachukua nafasi, na kinachobaki kichwani ni kwamba palikuwa na maswali kadhaa na muda wa kungoja. Hata hivyo, ni matini iliyoandikwa kwa uangalifu kuliko nyingi tunazozisoma kwa heshima. Waandishi wake walijua kwamba msomaji huenda hajui lolote kuhusu ukurasa unaofuata, na kwamba jibu lake moja likikosewa linaweza kuondoka na picha za harusi, tasnifu iliyobakiza sura moja, na hesabu za duka za miaka mitatu. Riwaya mbaya humpotezea msomaji jioni yake tu.

Toleo ninalolisoma hapa ni Ubuntu 22.04, lililotoka Aprili 2022. Ubuntu ilianza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na hadi mwaka 2011 kampuni yake, Canonical, ilituma sidii za mfumo huo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeziomba. Siku hizi msomaji hujitafutia mwenyewe faili la zaidi ya gigabaiti 3 na kuliandika kwenye flashi. Nimelichagua toleo hili kwa kuwa ndilo la mwisho, kati ya yale yanayotunzwa kwa muda mrefu, kutumia kisakinishi kiitwacho Ubiquity, umbo lililosuguliwa kwa zaidi ya miaka 15 hadi likakomaa. Toleo la 24.04 limekuja na kisakinishi kilichoandikwa upya, na kwa maoni yangu bado kinaitafuta sauti yake.

Kigoma, kama kwingineko nchini, kusakinisha ni utendaji kuliko usomaji. Mteja huingia katika duka la steshenari pale Mwanga, huweka laptopu juu ya kaunta na kusema, "Fundi, naomba unipigie windo," kisha huenda zake Kibirizi au sokoni na kurudi jioni. Fundi huzipita kurasa zote bila kuzitazama kwa kuwa anazijua. Mteja hazioni kabisa kwa kuwa skrini imeelekezwa upande wa pili. Kwa hiyo matini inayoamua hatima ya faili za watu wengi haina msomaji hata mmoja pale inapotendeka. Msomaji wake wa kweli ni mwanagenzi: kijana wa kidato cha nne au mwalimu wa Ujiji aliyeazima flashi yenye mfumo asioujua, akaiwasha kompyuta kuukuu nyumbani, na sasa anasoma kila neno kwa sababu hana namna nyingine ya kufika mwisho. Ndiye nitakayemfuata, kwa kuwa yeye pekee ndiye anayeipokea matini hii kama ilivyokusudiwa kupokewa.

Ukurasa wa kwanza una safu ya lugha upande wa kushoto na picha mbili upande wa kulia. Kila lugha imeandikwa kwa jina lake yenyewe na kwa hati yake, na mara msomaji anapoigusa mojawapo, ukurasa mzima hubadilika papo hapo, pamoja na swali alilokuwa akiulizwa. Lakini ustadi mkubwa zaidi uko kulia. Picha moja inamwalika ajaribu mfumo, nyingine asakinishe. Akijaribu, mfumo wote utawaka kutoka kwenye flashi, atafungua kivinjari, ataandika barua, atasikiliza muziki, na diski yake haitaguswa. Hapa umbo linatangaza mapema mhimili litakaloutumia hadi mwisho, yaani tofauti kati ya kinachogusa diski na kisichoigusa. Msomaji makini atakayeulizwa baadaye jambo zito atakuwa tayari amefundishwa, bila mahubiri, kwamba kuna kutenda kusikoacha alama na kuna kutenda kunakoacha.

Ukurasa wa kibodi huonekana mkavu, lakini mna kisanduku kimoja kitupu ambacho msomaji anakaribishwa kuandika chochote ili kupima vitufe vyake. Katika matini nzima hapa ndipo pekee anapoandika na maandishi yake yasihifadhiwe. Thamani ya kisanduku hicho huonekana vizuri katika nchi ya laptopu za mitumba. Iliyotoka Uingereza ina alama ya @ mahali ambapo iliyotoka Marekani ina alama za mtajo, na iliyotoka Ujerumani imebadilishana Z na Y. Mwanagenzi asiyekitumia kisanduku hiki hatapata adhabu yoyote hapa. Adhabu itamngoja mbele kabisa, siku atakapoandika nywila yenye @ na kuambiwa kwamba si sahihi, huku akiapa kwamba ameiandika vilevile. Kuweka chanzo mbali na matokeo ni mbinu inayopendeza katika hadithi ya upelelezi. Katika kisakinishi ni hatari, na waandishi wamejitahidi kuipunguza kwa kutoa uwanja wa majaribio mahali panapofaa.

Ukurasa unaofuata, wa masasisho na programu nyingine, ndio dhaifu kuliko zote. Unauliza kama msomaji anataka usakinishaji wa kawaida au wa kiasi kidogo, jambo ambalo ni jema. Kisha unampa kisanduku cha kupakua masasisho wakati usakinishaji ukiendelea, na kisanduku hicho, mtandao ukiwepo, huwa tayari kimewekwa alama ya kukubali. Kiasi kitakachopakuliwa hakitajwi. Msomaji lengwa wa ukurasa huu ana waya wa intaneti ukutani na analipa kwa mwezi, ilhali mwanagenzi wa Ujiji ameiunganisha laptopu na simu yake, na simu ina bando alilolinunua asubuhi. Kwake kisanduku hicho ni swali la fedha lililovaa sura ya swali la kiufundi. Matini inakuja kujirekebisha kidogo baadaye, kwa kuwa wakati wa kupakua kitufe cha kuruka hatua hiyo hujitokeza pembeni, lakini msamaha unaokuja baada ya megabaiti kwenda ni msamaha wa nusu.

Tofauti za matoleo zinasaidia kuona kilichopotea hapa. Katika toleo la 12.04, la mwaka 2012, palikuwa na ukurasa wa maandalizi ulioorodhesha masharti waziwazi: diski iwe na nafasi ya kutosha, kompyuta iwe imechomekwa kwenye umeme, na iwe imeunganishwa na intaneti, na kila sharti lililotimia liliwekewa alama yake. Ukurasa huo haumo tena katika 22.04. Naamini uliondolewa kwa sababu ya ladha, maana muundo wa kisasa haupendi kuanza na masharti, lakini kwa msomaji wa Kigoma, mji ambao kwa miaka mingi uliwashwa na majenereta ya dizeli nje ya gridi ya taifa, sharti la umeme halikuwa pambo. Kukatika kwa umeme katikati ya kunakili mafaili ndilo tukio kubwa kuliko yote linaloweza kuipata hadithi hii, na matini haina sura inayolishughulikia.

Sasa diski. Kama ningeombwa nimwonyeshe mtu ukurasa mmoja tu wa kazi hii, ningemwonyesha huu. Unatoa njia tatu, na mpangilio wake ni hoja: kuusakinisha Ubuntu kando ya mfumo uliopo, kufuta diski yote na kuusakinisha, au jambo jingine. Njia ya kwanza inamtambua aliyetangulia kwa jina. Ikiwa kompyuta ina Windows, ukurasa unaitaja Windows. Njia ya pili imeandikwa kwa kitenzi kisicho na staha, kufuta, na chini yake, kwa herufi ndogo, pana onyo kwamba programu zako, nyaraka zako, picha zako, muziki wako na mafaili mengine yote katika mifumo yote yatafutwa. Huo ndio mtindo unaostahili kusomwa polepole. Mwandishi angeweza kusema "data" na kumaliza, na angekuwa sahihi kitaalamu, lakini amechagua orodha, na orodha hiyo inatoka kwenye kazi kwenda kwenye mapenzi: programu zinarudishwa kirahisi, nyaraka kwa taabu, picha hazirudi. Mtu asiyejua diski ni nini anajua picha ni nini. Taharuki imejengwa kwa nomino za nyumbani, bila alama hata moja ya mshangao.

Njia ya tatu ni fupi kupita kiasi, na ufupi wake ni wa makusudi. "Jambo jingine" haielezi chochote, na nyuma yake kuna jedwali la sehemu za diski, ukubwa wake, na aina za mifumo ya mafaili, ulimwengu mzima wa wajuzi. Wahariri wengine wangeliita jina hilo uzembe. Mimi naliona kama mlango uliopakwa rangi ya ukuta, ambao anayeujua ataufungua na asiyeujua ataupita bila kujikwaa.

Chini ya ukurasa huohuo kuna badiliko ambalo jicho la haraka halilioni. Tangu mwanzo kitufe cha kwenda mbele kimekuwa kikisema "Endelea", ukurasa baada ya ukurasa, hadi neno lenyewe limekuwa kimya. Hapa, kwa mara ya kwanza, kinasema "Sakinisha Sasa". Kielezi hicho kidogo cha wakati ndicho kilele cha tamthilia. Kisha, msomaji akikibonyeza, linatokea dirisha dogo linalouliza kama mabadiliko yaandikwe kwenye diski, na ndani yake sajili inaporomoka ghafla kutoka lugha ya nyumbani hadi lugha ya mashine: sda, ext4, ESP, namba za sehemu zitakazofomatiwa. Inaweza kutetewa kwamba dirisha hili ni hati ya kisheria, na hati hutaja vitu kwa majina yake rasmi ili pasiwe na ubishi. Anayejua kwamba diski yake ya nje inaitwa sdb atashukuru kuona sda peke yake ikitajwa. Nauheshimu utetezi huo. Kisichoteteleka ni kitufe. Dirisha linatoa vitufe viwili, "Rudi nyuma" na "Endelea", na hiyo "Endelea" ni ileile iliyopunguzwa makali katika kurasa zote zilizotangulia. Neno lililozoeshwa kutokuwa na madhara limepewa ghafla mzigo wote wa kazi, tena baada ya mwandishi kuwa amekwisha kuonyesha, hatua moja tu nyuma, kwamba anajua namna ya kulibadilisha. Hilo ni kosa la umbo.

Kinachofuata ni uamuzi wa kiutunzi uliofanywa katika toleo la 10.10, Oktoba 2010, na kubaki: kunakili kunaanza mara moja, na huku mafaili yakiandikwa nyuma ya pazia, matini inaendelea kuuliza. Ndiyo maana "Uko wapi?" na "Wewe ni nani?" yanakuja baada ya tendo lisilorudishwa nyuma. Kwa mantiki ya muda ni werevu mtupu, kwa kuwa dakika ambazo mtu angezipoteza akingoja anazitumia kujibu. Kwa adabu zetu za pwani ya ziwa ni jambo la kuchekesha, maana mgeni amekwisha kuingia chumbani na kupanga upya samani ndipo anaposimama na kuuliza jina la mwenye nyumba. Lakini nina shaka kama ni kasoro. Kwa kuyasogeza maswali ya utambulisho hadi mwisho, matini imeyaondolea uzito, na mwanagenzi aliyetoka kwenye ukurasa wa diski akiwa na moyo mkononi anapewa maswali anayoyajua majibu yake. Ni mteremko baada ya kilele, na umetungwa vizuri.

Ukurasa wa "Uko wapi?" ni ramani ya dunia ambayo ukiigusa, mkanda wa saa za eneo hilo hung'aa. Popote utakapogusa ndani ya mipaka ya Tanzania, kitakachoandikwa kwenye mfumo ni jina moja, Afrika na Dar es Salaam, kwa kuwa hifadhidata ya majira inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani huyapa maeneo majina ya miji yao mikubwa, na maeneo ambayo saa zake zimekwenda sawa tangu 1970 hayahitaji majina tofauti. Siku hizi hata Dar es Salaam ndani ya hifadhidata hiyo ni jina la badala la Nairobi. Ujiji, uliokuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo, haumo, na hakuna dhuluma katika hilo. Jambo la kuvutia ni jiometri. Ziwa Tanganyika lina nchi nne, na tatu kati yake, yaani Kongo, Burundi na Zambia, ziko saa moja nyuma yetu kwenye ufuo huu. Kidole kikiteleza kidogo kuvuka maji, saa ya kompyuta inarudi nyuma bila onyo lolote. Tena jua liko upande wa wale wa ng'ambo. Kwenye longitudo ya Kigoma, karibu nyuzi 29.6 mashariki, jua hufika utosini karibu saa saba mchana, na alfajiri hukawia hadi karibu saa moja ndipo lichomoze. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, kuanzia jua linapochomoza, akiigusa ramani hii anachagua siasa ya muda ya jiji lililo upande wa pili wa nchi. Matini inamfanyia hilo kwa mguso mmoja, bila kumwambia. Jibu hilo halipotei pia: herufi mbili za nchi, tz, zitaonekana tena katika anwani ya ghala ambako programu zake zote zitatoka. Ramani iliyodhaniwa kuwa ya saa tu ilikuwa pia ya njia.

Kwenye "Wewe ni nani?" nasimama kidogo tu. Kuna sehemu ya jina lako, sehemu ya jina la kompyuta, na maelezo mafupi yanayosema kwamba hilo la pili ndilo jina ambalo kompyuta hulitumia inapozungumza na kompyuta nyingine. Ni sentensi pekee katika kazi nzima inayoipa mashine uhai, na imewekwa kwa haya, kwa rangi hafifu, pembeni. Halafu huja maonyesho ya picha yanayosifu mfumo mpya, ambayo nisingemlaumu mtu kwa kuyaruka, na upau wa maendeleo ambao asilimia zake hazipimi dakika bali hatua, kiasi kwamba unaweza kukimbia hadi 80 na kukaa hapo hadi chai ipoe. Kilicho bora ni kishale kidogo kando ya upau. Ukikifungua, matini ya pili inaonekana chini ya ile ya kwanza, nyeusi, mistari inayopanda juu kwa kasi, kila faili na tendo lake. Waandishi wameruhusu msomaji aione karakana, lakini hawakumlazimisha aingie.

Mfumo ukishasimama, mwanagenzi anakutana na utanzu mwingine kabisa, ule wa mstari wa amri. Anaambiwa aandike sudo apt install vlc ili apate kichezeshi cha video. Anaulizwa nywila, anaiandika, na hakuna kitu kinachoonekana, hata nyota. Hudhani kibodi imekufa. Ukimya huo ni wa makusudi, kwa maana hata idadi ya herufi za siri ni siri, lakini hakuna mahali unapoelezwa, na baada ya uangalifu wote wa kurasa zilizopita unamshtua kama mtu aliyeshushwa garini bila kuagwa. APT, programu inayoitekeleza amri hiyo na ambayo asili yake ni mfumo wa Debian wa miaka ya 1990, haibembelezi. Inasoma orodha zake, inajenga mti wa vitegemezi, kisha inatamka yale ambayo ukurasa wa masasisho ulishindwa kuyatamka: vifurushi vipya ni vipi, vingapi vitasasishwa na vingapi vitaondolewa, ni megabaiti ngapi zinahitajika kupakuliwa, na baada ya tendo hili nafasi kiasi gani ya diski itatumika. Bei imetajwa kabla ya swali. Kwa mtu wa bando, huo ndio mstari mzuri kuliko yote niliyoisoma katika mfumo huu, na uzuri wake unatokana na ukavu wake, maana haupambi wala hauombi radhi. Swali lenyewe, "Unataka kuendelea?", linafuatwa na herufi mbili, Y kubwa na n ndogo, na ukubwa wa herufi ndio unaobeba maana, kwamba ukibonyeza tu kitufe cha kuingiza, umekubali.

Mti wa vitegemezi hauhitaji kuelezwa sana katika mji huu. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwavunjwa na kufungwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Isingewezekana kabla ya reli kufika ziwani mwaka 1914. Kifurushi kilikuwa na kitegemezi chake, na mpangilio haukuweza kugeuzwa. Julai 1916 mabaharia wake wenyewe waliizamisha, lakini kwanza walizipaka mashine grisi, na ndiyo sababu Waingereza walipoiibua mwaka 1924 waliweza kuirudisha kazini, mwaka 1927, kwa jina la Liemba. APT inaijua tofauti hiyo. Amri yake ya kuondoa programu huyaacha mafaili ya mipangilio mahali pake, ili programu ikirudishwa ikute kila kitu kama ilivyokiacha. Anayetaka kuzama kusiko na grisi lazima atoe amri nyingine, ya kufyeka. Matini inayotofautisha daraja mbili za kuondoa ina falsafa ya kumbukumbu, hata kama waandishi wake waliiona kama urahisi tu.

Ukali wa APT una mpaka wake, na mpaka huo ulidhihirika hadharani. Kwa miaka mingi mtu aliyetaka kuondoa vifurushi vya lazima alitakiwa kuandika, herufi kwa herufi, sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya "Ndiyo, fanya ninavyosema!" Mwaka 2021 Linus Sebastian, mtangazaji wa YouTube wa Kanada aliyekuwa akijaribu Linux kama mgeni, alitaka kusakinisha Steam, programu ya michezo, kwenye Pop!_OS, ndugu wa Ubuntu. Kutokana na kasoro ya vifurushi siku ile, APT ilipendekeza kuondoa sehemu muhimu za mazingira ya skrini, ikaonya, ikadai ile sentensi, naye akaiandika. Mazingira yake ya kazi yakaondoka. Wengi walimcheka. Mimi naliona kama jaribio la usomaji lililofanywa mbele ya dunia: mwanagenzi aliyefundishwa na kurasa nyingi kwamba kila onyo lina njia ya kupita, huisoma hata sentensi ya kiapo kama nywila nyingine tu. Watunzaji wa APT walielewa hivyo pia, kwa kuwa katika mwaka huohuo waliibadilisha ili isimpeleke tena mtu huko kirahisi. Onyo halikuhitaji kuwa refu zaidi. Lilihitaji kusema, kama ule ukurasa wa diski, ni nini hasa cha nyumbani kitakachopotea.

Limebaki suala la Kiswahili. Msomaji wangu wa Kigoma ameisoma matini hii kwa Kiingereza cha sekondari, na kazi ya kuileta kwetu si ya kuanzia sifuri, kwa kuwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya programu kwa Kiswahili, pamoja na istilahi zake. Ugumu ulio mbele ni wa sarufi. Sentensi za programu zina matundu ambamo mashine hupachika jina wakati wa kutenda, na zana za kutafsiri zinajua kuuliza umoja na wingi lakini hazijui ngeli. "Fulani imefutwa" inafaa kwa programu. Kwa faili ni limefutwa, kwa kifurushi kimefutwa, kwa mtumiaji amefutwa. Mfasiri hawezi kuliziba tundu hilo kwa ustadi wa msamiati peke yake. Lazima aijenge upya sentensi, aweke nomino yake mwenyewe mbele ya tundu, ili upatanisho uishike hiyo na jina lililopachikwa lifuate kama kielezo tu. Hiyo ni kazi ya mtunzi.

Hukumu yangu juu ya kazi hii ni kwamba ni matini bora yenye kasoro mbili zinazorekebishika kwa maneno machache: kitufe cha dirisha la uthibitisho kiitwe kwa tendo lake, "Andika kwenye diski", na ukurasa wa masasisho uazime ule mstari wa megabaiti kutoka APT. Kwa wale wanaojitolea kutafsiri programu huria kwa Kiswahili nina ombi moja. Menyu na maonyesho ya picha yanaweza kungoja mwaka mwingine. Anzeni na onyo la diski, mlitafsiri kwa orodha yake yote, na muiache picha mahali pake.